Tumbo ni Lake

Katika ploti tuliyokaa Gatina, Kawangware, watoto walilishwa uji kwa jina langu. Nilikuwa nikilinda lango la watu huko Lavington, zamu ya usiku, na nilipoingia uani asubuhi na sare mwilini, mama mmoja angemwambia mwanawe, "Kunywa haraka, askari ndiye huyo anakuja!" Mlango wa pili ungelidaka neno hilo hilo, kisha wa tatu. Watoto walinikodolea macho huku vijiko vikisukumwa midomoni. Jambo hilo lilinichoma. Nyumbani kwangu kulikuwa na binti wa mwaka mmoja na nusu ambaye naye alikuwa hali, na sikutaka woga wa namna ile uingie kwenye bakuli lake hata siku moja.

Mke wangu alikuwa akifua nguo za watu Kileleshwa na Kilimani. Tulipishana mlangoni, yeye akitoka na mimi nikiingia, kwa hiyo uji wa asubuhi na chakula cha mchana cha mtoto vilikuwa vyangu. Usingizi wangu ulingoja usingizi wake. Ndivyo nilivyopata kujua mambo ambayo baba wengi wa mtaani husimuliwa tu jioni: namna mtoto anavyofunga midomo ikabaki mstari, anavyogeuza shingo kijiko kikiwa bado njiani, anavyoficha tonge shavuni akakaa nalo huko muda mrefu, kisha akalitoa zima jinsi lilivyoingia. Uji alioupenda Jumatatu aliukataa Alhamisi. Yai alilitema. Sukuma aliichomoa mdomoni kwa kidole, uzi baada ya uzi. Alichokubali bila ubishi kilikuwa chai na mandazi.

Ushauri haukukosekana. Kwenye ploti ya mabati ambamo milango hutazamana, mtoto asiyekula ni jambo la watu wote. Mmoja alisema anadeka. Mwingine alisema ni minyoo. Wa tatu alisema ametupiwa jicho. Mzee mmoja aliyekaa karibu na bomba la maji alinikumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Na jirani mmoja, mama aliyelea watoto wengi na kuwapenda wote, alinifafanulia mbinu aliyolelewa nayo: mtoto alazwe mapajani, pua ibanwe, na uji umiminwe pale kinywa kinapofunguka kutafuta hewa. Mbinu hiyo ni ya zamani, na wanaoitumia huitumia kwa hofu ya kumpoteza mtoto, si kwa ukatili. Lakini uji unaomiminwa mtoto anapovuta pumzi unaweza kupita njia ya mapafu, na hapo ndipo nimonia huanzia, au kifo cha papo hapo. Nilimshukuru kwa heshima na sikuitumia.

Kazi yangu ilinisaidia kuona jambo moja. Langoni nilikolinda, yaya wa nyumba ile alikuwa akitokea bustanini kabla ya jua kuzama, bakuli mkononi, akimfuata mtoto kutoka kwenye bembea hadi kwenye maua na kutoka kwenye maua hadi kwenye gari la babake. Kijiko kimoja hapa, kingine kule. Ndani kulikuwa na nyama, maziwa, matunda ya kila rangi, na mtoto alikuwa wa rika la binti yangu. Alikataa vilevile: shingo ile ile, midomo ile ile. Tangu siku hizo sikukubali tena kuambiwa kwamba mtoto wa Gatina anakataa chakula kwa sababu ya umaskini wetu, wala kwamba yule wa Lavington anakataa kwa sababu ya deko.

Sababu ya kwanza iko mwilini. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hufikia karibu kilo 9 akitimiza mwaka. Uzito wake umekuwa mara tatu. Mwaka wa pili huongeza kilo 2 tu, au 2 na nusu. Mwili uliokuwa ukijijenga kwa haraka umepunguza mwendo, na hamu ya kula hupungua nao. Hutokea pia kwamba wakati huo huo mtoto anaanza kutembea, anajua kusema "sitaki", na anaogopa vyakula asivyovizoea. Mzazi aliyemzoea yule wa miezi minane aliyefungulia kijiko kinywa chote humwona huyu mpya na kudhani ameharibika. Kwa umri wa mwaka 1 hadi 2, Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtoto hutosheka na robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima cha mililita 250 kwa mlo, mara 3 au 4 kwa siku, na kitu kidogo cha kutafuna katikati. Bakuli za plastiki zinazouzwa sokoni Kawangware hubeba zaidi ya maradufu ya hapo. Ukimjazia mtoto bakuli kama hilo na kungoja liishe, unangojea kisichowezekana, na mtoto ndiye anayelaumiwa.

Sababu ya pili ilinichukua muda kuigundua, na sijaisikia ikizungumzwa vya kutosha mtaani. Mama anayetoka alfajiri na kurudi jioni hunyonyesha usiku. Mtoto aliyemkosa mamake mchana kutwa hujifidia kwa titi usiku kucha, na hiyo ni heri kubwa, kwa maana inashauriwa anyonyeshwe hadi miaka 2 na zaidi. Ila mtoto huyo huyo, ukimwekea uji saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa sababu ndio wakati wewe una nafasi, atakuangalia tu. Ameshiba. Binti yetu alianza kunywa uji nilipousogeza hadi saa tatu. Hakuna kilichobadilika kwenye unga, kwenye sukari wala kwenye kikombe. Kilichobadilika ni saa.

Na uji wenyewe ni habari ndefu. Poshomili za Kawangware husaga kila kitu pamoja: wimbi, mtama, mahindi, mihogo, soya, njugu, hata omena, wateja wakiamini kwamba vikiwa vingi ndivyo nguvu huzidi. Kliniki walitusisitizia tofauti: unga wa nafaka moja au mbili, upikwe uwe mzito kiasi cha kubaki juu ya kijiko usitiririke, kisha maziwa au njugu ya kusaga viongezwe wakati wa kupika. Uji mwepesi ni maji ya moto yenye rangi. Unajaza tumbo dogo, unaondoa njaa kwa nusu saa, na mtoto hukonda huku akionekana ananywa sana.

Chai nayo ni adui anayependwa. Iwe ya maziwa au strungi, ina tanini, na tanini huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe na mboga za majani. Mtoto anayepungukiwa na chuma hulegea na hupoteza hamu ya chakula. Hamu ikipotea, kinachokubalika ni kitu kitamu na laini, yaani chai na mandazi, na mzunguko unaanza upya. Tukiiondoa chai tu, bila kugusa kingine, tungekuwa tumefanya nusu ya kazi. Binti yetu aliililia, tukamfariji, na kwa muda alikunywa maji au maziwa kidogo tulipoyamudu. Baadaye aliacha kuiulizia.

Nusu nyingine ya kazi ilikuwa nje ya lango la ploti. Kutoka langoni hadi kituo cha matatu za 46 kulikuwa na vibanda vya mandazi, krispi zilizofungwa kwenye karatasi ndogo, biskuti za bei ya chini, peremende, viazi karai. Kila jirani mwema alimpa mtoto kitu. Huo ni upendo wa mtaa na siwezi kuukashifu, ila mtoto wa kilo 10 aliyekula andazi moja saa nne hana nafasi ya githeri saa saba. Hapa huwa namkumbuka daktari Clara Davis wa Marekani, aliyeanza mwaka 1926 kuwaacha watoto waliokuwa wametoka tu kuachishwa ziwa wajichagulie chakula wenyewe kutoka kwenye sinia. Mwaka 1939 alieleza matokeo ya watoto 15: kila mmoja alikula kwa namna yake ya ajabu, leo hivi kesho vile, na wote walikua na afya njema. Mmoja aliyekuja na matege alikuwa akinywa mafuta ya ini la samaki mwenyewe, akayaacha alipopona. Wanaoisimulia habari hiyo husema mwili wa mtoto una hekima. Davis mwenyewe aliweka wazi siri yake: vyakula vyote 34 vilivyowekwa mbele ya watoto vilikuwa vyakula halisi, na mtu mzima ndiye aliyevichagua. Hapakuwa na biskuti. Mtoto wa Kawangware anajichagulia pia, ila sinia yake hupangwa na barabara.

Haya yote nisingeyaunganisha kama si mamangu. Anaishi Kibera, upande wa Lindi, na wajukuu humwita kukhu, kama ilivyo kwetu Waluhya. Siku zangu za ofu nilimbeba mtoto mabegani, tukashuka Naivasha Road hadi Dagoretti Corner, tukafuata Ngong Road mpaka Adams, tukakata katikati ya mitumba ya Toi na kuingia Makina, kisha tukateremka. Na kule Lindi mtoto asiyekula alikula.

Mwanzoni nilidhani ni matembezi, hewa, au uchovu wa safari. Kisha nikakaa nikatazama. Chumba cha kukhu ni kumi kwa kumi, kama vingine. Saa saba wajukuu wakubwa hutoka shule wakiwa na njaa ya kweli. Mkeka hutandikwa, mikono hunawishwa kwa jagi na beseni, sinia moja huwekwa katikati: ugali, mrenda uliochanganywa na kunde, omena kidogo pembeni. Kukhu huketi nao na hula nao. Binti yangu hakupakatwa. Aliketishwa sakafuni kati ya binamu wawili, akamegewa ugali kiasi cha ncha ya kidole gumba, ukawekwa mbele yake pamoja na mrenda kidogo, basi. Kukhu akaendelea na hadithi yake ya bei ya omena Toi. Mtoto aliutazama ugali. Akawatazama binamu wakiuvuta mrenda kwa kelele. Akaugusa, akanusa kidole, akapaka kwenye goti. Dada yangu alinyoosha mkono na tonge kumlisha, na mama akamzuia bila kumtazama.

"Wacha mtoto. Tumbo ni lake."

Tonge liliingia mdomoni, likatoka, likaingia tena. Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyesema "msichana mzuri". Sinia ilipoisha iliondolewa, na chochote alichokuwa amekula mtoto ndicho kilichokuwa chakula chake cha mchana. "Ameshiba," mama akasema, akamnawisha. Alasiri mtoto alilia kwa kuwa aliona biskuti ya jirani. Kukhu akampa maji, akambeba mgongoni, wakaenda kutazama garimoshi likipita relini. Jua lilipopunguza ukali ndipo alipotoa kiazi kitamu kilichochemshwa. Mtoto alikila chote.

Katikati ya milo palikuwa na maji tu. Njaa iliachwa ifike. Kula kulikuwa jambo la watu wote, wala hapakuwa na mtu aliyekodolea macho mdomo wa mmoja. Kawangware, mimi na binti yangu tulikuwa wawili, ana kwa ana, kijiko katikati, nami nikiwa na usingizi; mtoto angejifunza kwa nani kwamba sukuma ni chakula? Kwa hiyo nilianza kula naye, kutoka sahani yangu, kitu kile kile, na nikamwomba jirani aliyekuwa na mapacha tuwaketishe pamoja mchana, leo kwangu kesho kwake. Mapacha wale walikuwa walaji hodari. Walimfunza mwenzao kuliko mimi.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, ameandika tangu miaka ya 1980 kwamba kazi hugawanywa: mzazi huamua kile kinachopikwa, saa yake na mahali pake; mtoto huamua kama atakula na atakula kiasi gani. Mwongozo wa kulisha watoto wadogo uliotolewa mwaka 2003 na Shirika la Afya la nchi za Amerika pamoja na lile la Dunia unasema jambo linalokaribiana na hilo: lisha polepole, kwa subira, himiza, usilazimishe. Mamangu hajasoma lolote kati ya hayo. Lakini ninaposoma maneno hayo nafika mahali pamoja panaponikwaza, nami nataka kukaa hapo kidogo, kwa sababu ndipo ushauri mwingi unapowaacha watu wa mtaa.

Ushauri huo unachukulia kwamba chakula kipo, na kwamba kikikataliwa leo kitakuwepo kesho. Mwaka 2022, mwaka ule binti yetu alipokuwa akigoma, paketi ya kilo 2 ya unga wa mahindi ilipita shilingi 200. Julai serikali ilitangaza ruzuku ya kuishusha hadi 100, ikadumu wiki chache, na madukani mwetu unga wa bei hiyo ulikuwa wa kuwindwa. Sukuma ya shilingi ishirini ilipungua mpaka ikawa ya kushikwa kwa vidole. Mama anayefua mashuka ya watu kutwa nzima, akanunua omena kwa kikombe na mafuta ya kupima, akapika kwa makaa ya bei mbaya, kisha akaona mtoto anatema, yeye haoni mtoto anayejifunza ladha. Anaona jasho lake sakafuni. Anaona pia kwamba usiku huyo mtoto ataamka na njaa, na sufuria itakuwa tupu. Anaposhika kile kidevu kwa nguvu, ni hesabu hiyo inayomshika yeye.

Mamangu aliijua hesabu hiyo kuliko sisi. Alikuwa na meza ya mboga Toi, na soko lile liliteketea katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka miezi iliyofuata, tulipokula mara moja kwa siku na wakati mwingine ilikuwa githeri ya kupewa. Nilimuuliza, mwaka ule wa unga wa mia mbili, aliwezaje kutotulazimisha wakati ule. Alijibu kuwa siku hizo hapakuwa na haja ya kulazimisha mtu. Kisha akaongeza jambo ambalo nimelitumia kuliko jingine lolote: mtoto hupakuliwa kile ambacho hutajali kikipotea. Tonge mbili. Kijiko kimoja cha mboga. Kilichobaki hubaki kwenye sufuria kikiwa safi, kimefunikwa, na ni mali ya nyumba. Akimaliza ataomba, na ombi la mtoto ni furaha ya mpishi. Akikataa, umepoteza tonge mbili, na hata hizo kaka yake atazila.

Hapo ndipo ule mgawanyo wa kazi ulipowezekana katika nyumba ya kipato chetu. Mtoto anaweza kupewa uhuru wa kukataa ikiwa gharama ya kukataa kwake imefanywa ndogo. Na kwa kuwa ilikuwa ndogo, niliweza kurudia. Mrenda aliokuwa akiutema uliwekwa tena mbele yake, ncha ya kijiko, bila maneno, na tena, na tena. Leann Birch na mwenzake walichapisha mwaka 1982 utafiti uliofanywa kwa watoto wa miaka 2 huko Marekani: kadiri walivyoonja chakula kipya mara nyingi, ndivyo walivyokipenda zaidi. Wazazi wengi hukata tamaa mapema, wakasema "huyu hapendi mboga", na neno hilo likaandamana na mtoto hadi utu uzima. Kwetu mrenda uliliwa kwanza kwa kidole, halafu kwa ugali, na ukaishia kuwa mboga anayoiitisha kwa jina.

Kuna kitu kingine kilichosaidia, nacho kilitokana na ufinyu wa chumba. Jiko, meza na kitanda vikiwa katika chumba kimoja, mtoto huona kila kinachopikwa. Ili awe mbali na moto nilimpa kazi: kuchambua kunde, kutoa mawe kwenye maharagwe, kuponda avokado kwa uma. Avokado za Kawangware ni nafuu katika msimu wake, ni laini, zina mafuta ambayo mtoto mdogo anayahitaji, na hazihitaji makaa. Mtoto hulamba vidole alivyopondea. Kilichoingia tumboni kwa njia hiyo hakikuhesabiwa kuwa chakula na hivyo hakikuzua vita. Wengine siku hizi huweka katuni kwenye simu na kumlisha mtoto aliyeduwaa. Bakuli huisha, ni kweli. Lakini mtoto huyo hajui kwamba amekula, na njaa na shibe, ambazo ndizo walimu wake, zimezimwa. Sipendekezi. Wala sipendekezi biskuti kuwa zawadi ya kumaliza ugali. Mtoto ana akili ya kutosha kuelewa ni kipi umekitukuza na ni kipi umekifanya adhabu.

Yote niliyosema yanamhusu mtoto mzima wa afya anayechagua. Kuna kukataa kwingine. Kuna mwezi mmoja binti yetu aliharisha, akatulia kupita kiasi, akakataa hata mandazi. Utepe wa kupima mkono ulionyesha njano. Utepe huo kila mzazi wa mtaa anapaswa kuujua: kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mzingo wa mkono wa juu chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kati ya hapo na 12.5 ni njano, na kuanzia 12.5 kuendelea ni kijani. Tulipewa dawa ya kuongeza maji mwilini na tembe za zinki, tukaambiwa tumpe chakula mara nyingi zaidi kidogo kidogo, na turudi kupimwa. Anayechagua ana nguvu za kukataa: hupiga kelele, hukimbia, hucheza, na mstari wake kwenye kijitabu cha kliniki hupanda. Mgonjwa hanyanyui hata mkono kukusukuma. Huyo haachwi "mpaka asikie njaa". Huyo hubebwa kliniki siku hiyo hiyo.

Ni kwenye benchi la kituo cha afya nilikoona jambo lililonithibitishia maneno ya mama. Mtoto wa jirani yetu, aliyekuwa amefika nyekundu, alipewa paketi ya lishe ya njugu, ile yenye kilokalori 500, ili wajue kama atatibiwa nyumbani au atalazwa. Kipimo chenyewe ni hamu ya kula. Muuguzi aliwapeleka pembeni palipo na utulivu, akamwambia mama anawe mikono, ampakate mtoto, ampe taratibu, maji ya kunywa yawe karibu, na asimlazimishe kamwe. Hata nusu saa ikipita ni sawa. Kama mtoto akilazimishwa, muuguzi alieleza, hatutajua ukweli. Pale ambapo maisha ya mtoto yanapimwa kwa kijiko, pale ambapo hofu ingekuwa na haki zote za kusukuma, utaratibu wa hospitali unaamuru mikono itulie. Mtoto yule alilamba, akasita, akalamba tena. Walirudi nyumbani na paketi za wiki.

Binti yetu sasa yuko chekechea katika shule ya kaunti. Ana bangili ya plastiki mkononi anayoigusisha kwenye kifaa akapakuliwa wali na ndengu au maharagwe kwa shilingi 5, katika mpango wa Dishi na County ulioanzishwa mwaka 2023. Anakula na darasa zima. Mwalimu wake hajawahi kuniita kwa habari ya chakula.

Lakini mdogo wake ana mwaka mmoja na miezi kadhaa, na mimi siku hizi nafanya zamu ya mchana, kwa hiyo anakaa deikea. Hapo mpango ule haufiki. Unahudumia shule za msingi na chekechea za umma. Mtoto wa deikea hula kilichofungwa asubuhi na mama mwenye haraka, mara nyingi uji wa jana kwenye chupa au chai na mkate. Mama wa deikea yetu ana mkeka mmoja, watoto wengi na mikono miwili. Wapo walio na chumba safi na mafunzo, na shirika la Kidogo limefanya kazi nzuri ya kuwafunza akina mama wa deikea mitaani mwetu. Wengi bado hawajafikiwa. Miaka miwili ya kwanza ndiyo inayojenga kimo na ubongo, na ndiyo miaka ambayo kaunti haina sufuria kwa ajili yake. Wahudumu wa afya ya jamii wanapita na utepe wao, wanampima mtoto, wanaandika njano. Nami nimeuliza kwenye baraza la chifu, mbele ya watu, kwa nini jiko la mpango ule linaloweza kupeleka wali hadi shule iliyo ng'ambo ya barabara lisipeleke pia sufuria ya uji mzito na maharagwe yaliyopondwa kwenye deikea iliyoandikishwa, watoto wakalipiwa shilingi ile ile 5. Sijajibiwa bado. Baraza lijalo nitauliza tena, na baba wengine wawili wa ploti yetu wamesema watasimama pamoja nami.